Diski iliyoandikwa HD, na picha yenye ukungu

“Fundi, ona, baliandika HD hapa. Sasa juu ya nini picha iko na ukungu?”

Nimelisikia tena swali hilo la HD, yaani picha kali yenye nukta ndogo nyingi za mwanga, Jumamosi iliyopita, hapa Kamalondo, Lubumbashi, kutoka kwa Papa mmoja aliyetoka Katuba na tele ya inchi 55 imefunikwa blanketi juu ya mkokoteni. Tele ilikuwa mpya. Fundi mwingine alikuwa amekwisha kuifungua, akamwambia kadi ya umeme ya ndani imeungua, atafute pesa ya kununua nyingine. Mimi nikaiwasha na kuweka diski moja ya asili ya HD, aina ya Blu-ray, ninayoitunza kwa ajili ya kupima. Picha ikatoka safi hata nyuzi za shati la mwigizaji zikahesabika. Tele ilikuwa nzima kabisa. Ukungu ulitoka kwenye diski yake. Yule Papa alikuwa amelipa mkokoteni, amelipa ufundi, na alibakiza kidogo tu alipe na kadi. Jambo hilo liliniuma.

Watu wa Lubumbashi wananiambia kwamba diski za HD zimeshafika, kila mtu anazo nyumbani. Duniani zilifika kweli, tena zamani. Lakini katika diski kumi ninazoletewa hapa, nikipata moja ya HD ni siku ya bahati. Kilichoenea kwetu ni neno HD, limechapwa kwa herufi za dhahabu kwenye karatasi ya kava. Haya hapa chini ni maneno ninayoambiwa kila siku, na majibu yangu.

“Kava imeandika HD, basi filamu ni HD”

Hii inanichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Diski ya video yenye HD ya kweli ilianza kuuzwa mwaka 2006, na zilikuwa aina mbili zinazoshindana. Toshiba na wenzake walileta HD DVD, Sony na wenzake wakaleta Blu-ray. Januari 2008 studio ya Warner Bros. ikatangaza kwamba inabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari mwaka huohuo Toshiba ikasalimu amri. Kijana akiniletea leo diski mpya yenye kava ya “HD DVD”, nikimwambia si kweli, asidhani ninamdharau. Aina hiyo ilikufa karibu miaka ishirini iliyopita, na hata ilipokuwa hai, lekta ya DVD ya kawaida, yaani mashine ya kuchezea diski, haikuweza kusoma HD yake.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina ugomvi. DVD yenye tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, yenye matabaka mawili 8.5. Picha yake kwa PAL, mfumo mmoja wa picha za tele, ni nukta 720 kwa 576. Zidisha, utapata nukta 414,720. Ndivyo DVD ilivyopangwa tangu ilipotoka Japani mwaka 1996, na mchapaji wa kava hana uwezo wa kuongeza hata nukta moja. Blu-ray ina nukta 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600, mara tano ya DVD. Mzigo huo unahitaji nafasi, ndiyo sababu tabaka moja la Blu-ray linabeba gigabaiti 25, na mawili 50. Video yake inaweza kupita kwa kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, wakati DVD haivuki 9.8.

Chukua sasa ile diski ya filamu nane ndani ya moja, zile zinazopangwa juu ya turubai kando ya barabara. Gawa gigabaiti 4.7 kwa nane. Kila filamu inapata kama megabaiti 590. Filamu ya dakika 100 ina sekunde 6,000, kwa hiyo kila sekunde inapewa megabiti 0.8 hivi, sauti ikiwa humohumo. Unakumbuka VCD, zile za picha zenye vipande-vipande ambazo tulifurahi kuziacha? VCD ilitumia megabiti 1.15 kwa sekunde kwa picha peke yake. Ni kweli kwamba njia za siku hizi za kufinyaza video ni hodari zaidi, lakini hakuna ufinyazaji utakaoingiza gunia la makaa ndani ya soksi. Huyo muuzaji amekuuzia filamu nane zilizokamuliwa, akaandika HD juu yake.

“Lakini fundi, diski hiihii kwenye tele yangu ya zamani, ile ya mgongo, ilikuwa safi!” Ndiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapoilaumu tele mpya bure. Tele ile ilikuwa ndogo. Jicho zima la binadamu lina mpaka wake wa kutenganisha nukta mbili. Kwa tele ya inchi 32, ukikaa mbali kuliko mita mbili na nusu, jicho halioni tena mistari 576 ya DVD kila mmoja peke yake, kwa hiyo picha inaonekana nzuri. Panua picha ileile mpaka inchi 55, mpaka huo unasogea hadi mita nne hivi. Sebule ngapi za Katuba au za mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi zina mita nne kutoka kiti hadi ukutani? Umekaa mita mbili na nusu, unaona kila upungufu uliokuwamo tangu mwanzo. Na kama tele ni ya 4K ina nukta 8,294,400, mara ishirini ya zile za DVD. Katika kila nukta ishirini unazotazama, kumi na tisa tele imezikisia yenyewe.

Hapohapo mtu ananionyesha lekta yake ya DVD: “Hata mashine imeandika 1080p.” Maandishi hayo yanasema lekta inaweza kuikuza picha ya DVD kabla ya kuipeleka kwenye tele. Kukuza ni kama kuchukua picha ya pasipoti na kuichapa ukubwa wa bango. Bango ni kubwa, lakini sura haijapata alama mpya. Tele yako inafanya kazi hiyohiyo yenyewe, mara nyingi vizuri zaidi ya lekta ya bei ndogo.

Kipimo changu ni kimoja, na nawaomba mkishike: diski ikicheza kwenye lekta ya DVD ya kawaida, unachotazama si HD. Lekta ya DVD inasoma kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray inasomwa kwa leza ya zambarau ya nanomita 405, kwa sababu njia zake zimebanana, mikromita 0.32 kati ya moja na nyingine, na za DVD ni 0.74. Leza nyekundu ni nene mno kwa njia hizo. Kuna kitu kimoja cha kuongeza ili nisiwadanganye: mtu anaweza kuchoma faili la HD juu ya DVD tupu kama data, na kompyuta au lekta ya Blu-ray ikalicheza. Lakini lekta yako ya DVD, ile ya kawaida, italikataa au itakwama.

“Tele yangu ni HD, kila kitu kinakuwa HD”

Tele haitengenezi kile ambacho haikuletewa. Halafu soma vizuri kibandiko chake. Nyingi za inchi 32 zilizoandikwa “HD Ready” zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Zinapokea 1080 na kuipunguza. Si tele mbaya, lakini usilipe bei ya “Full HD” kwa kioo hicho.

“Nunua waya wa HDMI wa bei kubwa, picha itang’aa”

Hapana. Waya huo wa kuunganisha lekta na tele unapeleka picha kama namba. Ama zinafika, ama picha inakatika na kuonyesha chembe. Kwa Blu-ray ya 1080, waya mfupi wa bei ndogo usio na kasoro unatosha. Waya unaokudanganya ni ule wa vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Ule wa njano hauwezi kupitisha HD kabisa, na nimekuta watu wenye lekta ya Blu-ray halisi wameifunga kwa waya huo miaka miwili. Nikawafungia HDMI, wakadhani nimewabadilishia tele.

“Mimi sina lekta ya Blu-ray”

Una PlayStation 3, ile mashine ya michezo, nyumbani? Basi unayo, tangu siku ulipoinunua. PlayStation 4 nayo inasoma Blu-ray, ila mara ya kwanza inataka iunganishwe na intaneti ili iruhusu kucheza diski za filamu. PlayStation 5 yenye mlango wa diski inasoma hata Ultra HD Blu-ray, zile za 4K zilizotoka mwaka 2016. PlayStation 4 Pro haizisomi hizo, msibishane na mimi. Xbox 360 haisomi Blu-ray yoyote.

“Diski ya Afrika Kusini haichezi huku, ni ya bandia”

Hapa ninawaonea huruma wanaorudi kutoka Johannesburg na DVD za asili. Dunia imegawanywa kwa maeneo, na lekta inasoma diski za eneo lake tu: Kongo iko eneo la 5 la DVD, pamoja na Zambia na nchi nyingi za Afrika. Afrika Kusini iko eneo la 2 pamoja na sehemu kubwa ya Ulaya. Lekta inayofuata sheria itaikataa DVD hiyo ingawa ni ya asili kabisa. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi: Afrika yote, sehemu kubwa ya Ulaya na Australia ni eneo B. Lekta ya mtumba kutoka Ubelgiji na diski kutoka Johannesburg zitaelewana. Diski za Ultra HD hazina maeneo. Za kuogopa ni lekta na Blu-ray za Marekani au Japani, ambazo ni eneo A. Hizo lekta usizichomeke kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandika 100V au 120V peke yake, umeme wetu wa 220 utaiua kabla hujaona picha.

“Diski ikikwaruzika, paka dawa ya meno”

Acheni! Kwenye DVD data imelala katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka juu, na msuguano mdogo inaweza kuuvumilia. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, nayo inalindwa na ngozi ngumu. Dawa ya meno ina mchanga laini, unaisugua ngozi hiyo na kuiharibu. Diski iliyokwaruzika kidogo ilikuwa inacheza, wewe ukaimaliza. Maji safi, kitambaa laini kisichoacha manyoya, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Na kiangazi, vumbi letu jekundu linapoingia kila mahali, rudisha diski kwenye kasha lake kila usiku. Asilimia kubwa ya lekta ninazofungua zina lenzi zilizojaa vumbi, na kazi yangu hapo ni pamba na spiriti tu.

“Blu-ray imekufa, kuna intaneti”

Sony iliacha mwezi wa Februari 2025 kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia, na habari ikazunguka kwenye simu kana kwamba zote zimekwisha. Diski za filamu zinaendelea kuchapwa. Filamu ya 1080 kwa intaneti inapita kama megabiti 5 kwa sekunde, nayo ya saa mbili inakula gigabaiti 4 na nusu za kifurushi chako. Mwenye kununua mega kwa siku anajua uzito wa hiyo namba.

Sasa nifike kwenye lile ninalowaambia wote, hata wasioniuliza. Ndoa. Kameramani wa Lubumbashi wa leo anarekodi ndoa yako kwa 1080, wengine kwa 4K. Baada ya wiki tatu anakuletea DVD mbili zenye picha yenu na maua kwenye kava, na HD imeandikwa kwa dhahabu. Alichofanya ni kutupa nukta nne katika kila tano, na kama alirekodi 4K, kumi na tisa katika kila ishirini. Kisha anafuta kadi zake ili akarekodi ndoa nyingine, na uso wa bibi yako aliyecheza siku ile haurudi tena kwa ukali wake.

Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, mwambie: “Yaya, kaka yangu, ninataka faili lenyewe, kama ulivyolimaliza kwenye kompyuta.” Mpelekee flashi au diski ngumu. Flashi iwe imefomatiwa (imepangwa na kompyuta) kwa namna ya NTFS au exFAT, maana ile FAT32 inayokuja nayo dukani haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na atakuambia “imekataa” akurudishie DVD. Jaribu kwanza kama tele yako inaisoma. Nakili mara mbili, moja ikae kwa wazazi. Mama mmoja wa Ruashi alinisikiliza, akaenda kumdai kameramani siku mbili tu kabla kadi hazijafutwa. Baba yake alifariki mwaka uliofuata. Alikuja hapa kibandani na flashi, tukaifungua kwenye tele ya inchi 43, na mzee alikuwa pale anamkabidhi binti, anafuta jasho kwa leso ya bluu, mishono ya ukingo wa leso inaonekana.