Je, wajua kwa nini asiyeamini Mungu haaminiwi?

Nusu ya jibu imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mtu akikudhulumu kwenye biashara, Mombasa watasema "yule hana dini", hata kama anaonekana msikitini kila Ijumaa. Mtu wa kutegemewa huitwa mcha Mungu. Muuzaji wa iliki pale Marikiti akitaka usadiki bei yake, hukuapia: wallahi, haki ya Mungu. Imani, amana, amini na uaminifu ni maneno ya shina moja. Sasa mlete mbele yake mtu anayesema waziwazi kwamba haamini kama Mungu yupo. Huyu ataapa kwa nani?

Swali hilo ni la zamani. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika waraka wake wa 1689 wa kutetea uvumilivu wa dini, aliwatetea watu wa madhehebu mengi lakini wasioamini Mungu akawaacha nje, kwa hoja kwamba ahadi, mikataba na viapo haviwezi kumfunga mtu wa namna hiyo. Yaani kosa lao halikuwa uchafu wala uvivu wala asili yao. Lilikuwa moja tu: hawana cha kuwazuia wasivunje neno. Na hapo ndipo ubaguzi dhidi yao unapoachana na ubaguzi dhidi ya makundi mengine.

Watafiti Will Gervais, Azim Shariff na Ara Norenzayan walilipima jambo hili nchini Kanada na kuchapisha matokeo 2011. Waliwasimulia watu habari za mwanamume aliyeligonga gari lililoegeshwa akajiendea zake, kisha akaokota pochi na kuchukua pesa zilizomo. Kisha wakauliza: kipi kina uwezekano mkubwa zaidi, kwamba mtu huyu ni mwalimu, au kwamba ni mwalimu na pia ni mtu wa kundi fulani? Kwa hesabu, jibu la pili haliwezi kulishinda la kwanza, maana kila mwalimu wa kundi hilo tayari yumo katika idadi ya walimu wote. Lakini akili hukosea pale maelezo yanapolingana na picha iliyomo moyoni. Kundi lilipokuwa Wakristo au Waislamu, waliokosea walikuwa wachache. Lilipokuwa wasioamini Mungu, waliokosea wakawa wengi, karibu sawa na pale kundi lilipokuwa wabakaji.

Watafiti haohao walilinganisha na chuki dhidi ya wanaume wa mapenzi ya jinsia moja, wakakuta mzizi tofauti: huko kinachotawala ni kinyaa, na kwa asiyeamini ni kutoaminika. Tofauti hiyo huonekana katika maisha ya kila siku. Mtu unayemwonea kinyaa hutaki hata akukaribie. Usiyemwamini unaweza kula naye na kucheka naye, ila hutamwachia duka wala mtoto. Mwaka 2017 Gervais na wenzake walirudia kipimo cha aina hii katika nchi 13, zikiwemo India, China, Uingereza na Falme za Kiarabu, na karibu kote mtu muovu wa kisa alidhaniwa kuwa hana imani mara nyingi zaidi. Hata washiriki wasioamini waliwashuku wenzao.

Je, basi wao ndio wanaobaguliwa kuliko wote? Inategemea unapima wapi. Moyoni, kazini, sheriani na nyumbani ni mizani minne tofauti, na anayechukua jibu la mzani mmoja akalitumia kwa yote atapotosha watu.

Tuanze na moyo. Nchini Marekani, Penny Edgell na wenzake walichapisha 2006 utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 47.6 ya waliohojiwa wasingeridhia mtoto wao kuoa au kuolewa na asiyeamini Mungu. Kwa Muislamu ilikuwa asilimia 33.5, na kwa Mmarekani mweusi 27.2. Ukiishia hapo utasema asiyeamini ndiye wa mwisho kabisa. Lakini angalia kazini. Matokeo ya utafiti mwingine, yaliyochapishwa 2014, yalitokana na kutuma maombi ya kazi ya kubuni kusini mwa Marekani, kila moja likitaja dini fulani au kutokuwa nayo. Waislamu, wapagani na wasioamini ndio waliopata majibu machache zaidi, na walioumia kuliko wote walikuwa Waislamu. Na kumbuka kwamba ili mwajiri ajue huyu haamini, ilibidi mtafiti aandike hivyo. Jina la Muislamu hujitangaza lenyewe, na ngozi nyeusi haiandikwi popote wala haifichiki.

Hii ndiyo tofauti kubwa ya pili: kufichika. Hapa kwetu mtu mwenye ualbino hawezi kuamua Jumatatu asionekane. Asiyeamini anaweza. Akinyamaza, akaitikia amina, akafunga mchana na wenzake au akakaa kwenye benchi la kanisa, hakuna atakayemjua, na kitambulisho cha taifa hakiandiki dini. Ni afueni ya kweli na haifai kuidharau. Ila ina bei. Anayejificha hapati wa kumtetea, na majirani huishi miaka 20 bila kujua kwamba fundi wanayemwachia funguo haamini chochote. Gervais alionyesha pia kwamba watu wakielezwa kuwa wasioamini ni wengi, shuku hupungua. Kujificha kunamlinda mmoja na kuilisha shuku juu ya wote.

Na kufichika huko kuna mpaka. Aliyezaliwa Majengo akaitwa Abdalla, hata kama imani ilimtoka zamani, kwenye kizuizi cha polisi bado ni Abdalla. Msako wa polisi katika msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, Februari 2014 ulipowazoa vijana zaidi ya 100, hakuna aliyeulizwa anaamini nini moyoni. Mtu kama huyo hubeba mizigo miwili: dola humshuku kwa Uislamu alioutoka, na jamaa humshuku kwa kuutoka.

Idadi ya wasioamini nayo si ndogo. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 chini ya "hana dini", asilimia 1.6 hivi ya watu wote. Fungu hilo linachanganya anayekana Mungu, yaani mlahidi, na yule asiyefuata dini yoyote tu, kwa hiyo si hesabu ya walahidi peke yao. Watu wenye ualbino walihesabiwa 9,729.

Sheriani, Mkenya asiyeamini ana hali nzuri kuliko makundi kadhaa, na ni haki kulisema hilo bila kuzunguka. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, dhamiri na imani. Cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi, taasisi au huduma kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda kinyume nayo. Dibaji inamtaja Mwenyezi Mungu na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba, lakini kutoamini si kosa la jinai. Kinachoweza kumfikisha mtu kortini ni kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu maneno yaliyokusudiwa kuumiza hisia za dini za mwingine. Kwa hiyo kusema "siamini" ni haki, na kumtukania mtu Mtume au msalaba wake ni hatari.

Linganisha na wapenzi wa jinsia moja. Vifungu vya 162 na 165 vya kanuni hiyohiyo, vinavyoharamisha mapenzi hayo, vilibakishwa na Mahakama Kuu Mei 2019. Ilibidi Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa Mombasa Machi 2018, iseme kwamba kuwapima watu kwa nguvu sehemu za siri ili kuthibitisha mapenzi hayo ni kuvunja katiba. Asiyeamini hajawahi kulazwa kitandani na daktari kutafutiwa ushahidi wa imani. Linganisha pia na Wapemba wa Kilifi na Kwale, ambao hadi 2023 hawakutambuliwa kuwa raia: bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, ndipo wakasikika. Na wazee wa Ganze wanaoitwa wachawi kwa sababu ya mvi zao na mashamba yao walihitaji makimbilio ya Kaya Godoma ili wasiuawe. Anayeziweka hali hizi kwenye mizani moja na ya mlahidi wa mjini Mombasa anawakosea wazee hao.

Hata hivyo mipaka ikihama, mzani hugeuka. Huko Kano, Nigeria, Mubarak Bala, asiyeamini Mungu, alihukumiwa miaka 24 mwaka 2022 kwa maneno yake juu ya dini, kabla mahakama ya rufaa kuipunguza hadi 5 mwaka 2024. Zipo nchi ambako sheria inaweka adhabu ya kifo kwa aliyeritadi, yaani aliyeuacha Uislamu.

Penye uchungu zaidi Mombasa ni nyumbani. Mkataa kwao mtumwa, na dini hapa ni sehemu kubwa ya "kwao". Mtoto wa Mpemba ana mama Mpemba. Mtoto wa jamii inayobaguliwa hurudi jioni kwa watu wanaobaguliwa kama yeye. Asiyeamini mara nyingi ni peke yake mezani, na anayemtenga ni yuleyule aliyemlea. Mtu wa mapenzi ya jinsia moja ndiye anayemkaribia zaidi katika hili.

Upweke huo una sura za kisheria ambazo wengi huzigundua wakiwa wamechelewa. Mirathi ndiyo ya kwanza. Mali ya marehemu Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na tofauti ya dini ni kizuizi cha kurithi. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiza kesi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa nayo. Anayekana Uislamu anaweza kukataa, kesi ikaenda Mahakama Kuu, lakini kubadilisha mahakama hakubadilishi sheria inayotawala mali hiyo. Mzazi anayetaka mtoto wake apate kitu hutumia hiba, yaani zawadi, akiitoa na kuikabidhi akiwa hai na mzima. Hiba ya aliyelala maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na hapo hugombaniwa.

Ndoa ni nyepesi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, bila sheikh wala padri, kwa ilani ya siku zisizopungua 21. Wanaokwama ni wale wanaokuja kutoa ilani wiki moja kabla ya sherehe.

Mazishi ni mazito. Kuosha maiti, sanda, jeneza la msikiti, wachimba kaburi wa Kikowani, au kamati ya kanisa na michango yake: vyote huja na dini. Na ukiandika usizikwe kwa ibada, jamaa wanaweza kukupinga. Katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, 1987, ukoo ulimshinda mjane, na mahakama ilisema matakwa ya marehemu juu ya maiti yake hayafungi. Mahakama huyazingatia yakiwa wazi, kwa hiyo yaandike, yatie sahihi mbele ya mashahidi wawili, umpe nakala yule atakayekuwepo siku hiyo.

Kortini huhitaji kushika msahafu wala Biblia. Mwambie karani kabla hujapanda kizimbani kwamba utathibitisha badala ya kuapa. Sheria ya viapo inaruhusu na ushahidi wako una uzito uleule. Kosa la kawaida ni kunyamaza hadi kitabu kiwe mkononi, ndipo ukikirudisha mbele ya watu ukaonekana una la kuficha.

Kazini, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa dini na wa maoni, na mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba haukutokea. Madrasa inaweza kukataa mwalimu asiyeamini, kwa kuwa kazi yenyewe ni kufundisha dini. Bohari la mizigo pale bandarini haliwezi. Weka barua, ujumbe wa simu na tarehe, usijiuzulu kwa hasira, na usivushe miaka 3 kabla ya kufungua kesi. Kwa haki za katiba, kifungu cha 22 kinakuruhusu kuanzisha malalamiko bila ada, hata kwa barua ya kawaida, na Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Mombasa inayoyapokea.