Niliikata ngoma, nikakata na harusi

Ukitaka sauti ya kukwamakwama, ile vijana wa studio wanayoiita glichi, simu yako itakupa bila jasho. Mimi naitafuta kwa wembe na kaseti, hapa Mikindani, dirisha nimefunga na feni nimezima. Joto ni la kufa mtu, lakini kipande cha utepe cha sentimita mbili kikipeperuka sakafuni hukioni tena.

Utepe wa kaseti hupita kwenye hedi, kile kichuma cha redio kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa hiyo sentimita moja ni kama sehemu ya tano ya sekunde: pigo moja la ngoma, basi. Ukikata nusu yake, ngoma si ngoma tena, inabaki "tk". Mafundi wa studio za zamani walikuwa na raha zao. Utepe wao ulikimbia hata sentimita 38 kwa sekunde, na pigo lilelile kwao lilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Sisi tunakata punje.

Tafuta kaseti yenye skrubu tano. Zile zilizogundishwa kiwandani, kuzifungua ni kuzivunja. Wembe uwe mpya. Ukikata wima, sauti inaruka ghafla na kiungo kinagonga. Ukikata kwa mshazari, sauti ya kwanza inafifia kidogo huku ya pili ikiingia, na kwenye kanda ya stereo spika moja hubadilika kabla ya nyingine. Tofauti ni ndogo mno, ila ukivaa hedifoni utahisi kama sauti imejikwaa. Mimi napenda wima. Kama lengo ni mkwamo, kwa nini niulainishe?

Sasa kosa langu. Nilikuwa na kanda ya sindimba, nikataka pigo moja lisikike kinyumenyume. Nikakata sentimita tatu, nikakizungusha kipande, mwisho ukawa mwanzo, nikakiunga. Kubonyeza pleyi: ngoma, ngoma, halafu mwanamke anacheka. Anacheka sawasawa kabisa, wala si kinyume. Ngoma tena.

Alikuwa mdogo wangu, siku ya harusi yake. Upande B.

Utepe wa kaseti, wenye upana wa milimita 3.8 tu, umegawanywa kwa urefu: nusu ya upande A, nusu ya upande B, na B imerekodiwa kuelekea upande mwingine. Ukikizungusha kipande hupati A kinyume. Unapata B iliyonyooka, maana hicho ndicho unachokifanya kila ukigeuza kaseti. Kupata A kinyume lazima ukipindue kipande, mgongo wa plastiki ndio ugusane na hedi. Sauti itafifia kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi, nami sioni ubaya wake.

Kuhusu kuunga: selotepu ikae mgongoni mwa utepe, kamwe si upande unaogusa hedi, na kingo zake uzipunguze kwa wembe zisitokeze hata kidogo. Hata hivyo, kwa joto la pwani gundi itatoka tu. Kaseti yangu ya kwanza ilinata kwenye rola, redio ikaila karibu mita nzima. Siku hizi kazi ikikamilika naipiga mara moja na kuirekodi kwenye simu siku hiyohiyo, kisha nasafisha hedi kwa pamba na spiriti.

Mdogo wangu alipokuja nikamsikilizisha. Akanyamaza, kisha: "Kaka, umenikatia harusi yangu?" Kila nilipoikata ngoma, harusi nayo ilikatika, na sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Akaniomba nikirudishe kicheko mahali pake. Nimekirudisha. Ila pale katikati ya vigelegele kuna "tk" mbili, moja kabla hajacheka, nyingine baada.