Gari halikuja bila maji

Imesambaa video nyingine tena. Nyumba inawaka, gari la zimamoto limefika, maji yanarushwa kwa muda, kisha mpira unalegea. Anayerekodi hasubiri: "Jamani, wamekuja bila maji!" Chini yake wamejipanga wanaoapa kwamba sisi wa zimamoto hulala kituoni mwezi mzima, na tukiamshwa tunaondoka na tangi tupu.

Nimechoka kuyasoma maneno hayo na kunyamaza. Mimi ni askari wa zimamoto, kazi yangu ni pampu, na taarifa ya mwezi ya kituo chetu hupitia mikononi mwangu. Wanaouliza maji yalikwenda wapi na wanaouliza tunafanya nini mwezi mzima wanauliza swali lile lile.

Tufanye hesabu. Gari la kwanza kufika mara nyingi hubeba lita 2,000 hivi. Mengine hubeba zaidi, mengine pungufu. Mpira wa milimita 45 wenye nozeli (mdomo wa kurushia maji) iliyofunguliwa sawasawa hutoa kama lita 400 kwa dakika. Gawanya. Ni dakika 5. Ukifungua mipira miwili, ni dakika mbili na nusu. Mpira uliolegea kwenye video ni wa gari lililokuja na maji, likayatumia, na maji mengine yakawa hayajafika.

"Si mbebe mengi zaidi?" Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 2,000 ni tani mbili zinazocheza mgongoni mwa gari linalokimbia. Tangi lina kuta za ndani za kupunguza mawimbi, lakini dereva bado anayasikia kwenye kila kona na kila breki. Maboza makubwa yapo na yana kazi yake. Hayakimbii, na kwenye kichochoro hayaingii.

Maji ya tangi ni ya kuanzia. Moto wa chumba kimoja ukiwahiwa, unakufa kwa maji hayo na yanabaki. Kuwahi ndiko kugumu siku hizi, kwa sababu ya vitu tunavyoishi navyo: magodoro ya sponji, makochi, plastiki kila kona. Kwenye majaribio yaliyofanywa Marekani, vyumba vyenye samani za kisasa viliwaka chumba kizima kwa mpigo ndani ya dakika 5, wakati vile vya samani za mbao na pamba vilichukua karibu nusu saa. Na saa hiyo huanza kuhesabu moto unapowaka, si simu yako inapopokelewa. Kabla hujapiga, umeshatafuta ndoo, umeshaita jirani, umeshatoa televisheni.

Kwa hiyo wakati nozeli ya kwanza inafanya kazi, mwenzangu anakimbilia haidranti, yaani mdomo wa bomba la mtaa tunakounganisha mpira kuchukua maji. Ikitoa maji, hakuna atakayerekodi chochote. Isipotoa, nimekuja bila maji.

Hapa ndipo mwezi wetu unapokwenda, na hapa ndipo hata viongozi wanaponikera. Wanadhani kukagua haidranti ni kufunga geji ya presha, kusoma namba na kuandika "nzima". Haidranti ambayo maji yake hayatembei inaweza kukuonyesha presha ya bar 5 na isifae kitu. Maji yaliyosimama hayapotezi presha kwenye bomba. Yanaanza kuipoteza yanapotembea, na hasara huongezeka kwa mraba wa mtiririko. Ukiongeza mtiririko mara mbili, hasara inakuwa karibu mara nne. Ndiyo maana bomba lile lile linalojaza ndoo za mtaa mzima linashindwa kulisha pampu moja: ni jembamba, au limejaa kutu ndani, au kuna vali mahali fulani imeachwa nusu wazi baada ya matengenezo. Ukiilazimisha pampu ivute kuliko inacholetewa, mpira laini wa kuingizia maji unajibana bapa mbele ya macho yako. Namba ninayoitaka ni ya haidranti ikiwa wazi, maji yanamwagika, geji inasomwa huku yakitembea. Nyingine zote ni pambo la karatasi.

Na kuifungua ni kazi. Kwanza kifuniko kionekane, maana pengine kimefunikwa na lami, au kuna gari limeegeshwa juu yake. Ukikiinua, shimo limejaa mchanga, chupa na mifuko. Unapiga magoti na kuchota kwa mikono mpaka mdomo wa kiungio utokeze. Vali unaizungusha polepole, kidogo kidogo, kwa sababu maji yakiachiwa au yakikatwa ghafla hulipiga bomba kwa kishindo kinachoweza kulipasua. Yanaanza kutoka ya kahawia, na vipande vya kutu, na vijiwe. Unayaacha yaende mpaka yawe masafi, maana kijiwe kimoja kikifika kwenye nozeli kinaweza kumnyima maji mtu aliye ndani ya moshi. Muda wote huo wapita njia wanatupigia kelele kwamba tunamwaga maji ya wananchi. Nawaelewa, hasa wenye mabomba makavu nyumbani. Lakini ndiyo maji yale yale watakayoyadai siku nyumba ikiwaka.

Viungio navyo vinajaribiwa. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua, zaidi ya majengo 1,500. Magari ya miji mingine yalifika kusaidia, na maji yalikuwepo, lakini mipira mingi iliyoletwa haikuingia kwenye haidranti za pale kwa sababu nyuzi za viungio, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, hazikufanana. Kwa hiyo tunapozunguka tunabeba viunganishi vyetu vyote na tunavifunga kwelikweli. Kutazama kwa macho na kusema "hiki kitaingia" hakukubaliki kwenye zamu yangu.

Pampu nitaipitia haraka. Funga koki zote, vuta ombwe (nyonya hewa iliyo ndani), zima, angalia geji. Ikishuka upesi, kuna mahali hewa inapenya, na pampu inayopitisha hewa haitavuta maji ya kisima wala ya mto. Hata ikiwa nzima ina mpaka wake: kinadharia mita 10 kwenda juu, kikazi kama 7, na pungufu zaidi sehemu za miinuko. Anayenionyesha mto ulio mita 12 chini ya daraja ananionyesha maji ambayo pampu ya gari haiwezi kuyafikia, hata anipigie kelele vipi. Mitungi ya hewa ya kupumulia inapimwa, mipira inajazwa presha na kukaguliwa vidonda, ngazi zinasimamishwa, mazoezi yanarudiwa usiku na mchana.

Mwisho wa mwezi vyote hivyo vinakuwa mistari kwenye taarifa: moto, maokozi, ajali, majengo yaliyokaguliwa, mafunzo, haidranti. Kisha tunaandika "mafanikio", na hapo mimi husitasita. Matukio ya moto yakipungua tunasema ni elimu na ukaguzi. Huenda ni kweli. Lakini kwa kituo kimoja, mwezi mmoja, namba ni ndogo kiasi kwamba mvua za wiki mbili zinaweza kuzipindua. Na "watu waliookolewa"? Mama tuliyemtoa kwenye ngazi zilizojaa moshi anahesabiwa. Familia iliyolala salama kwa sababu tuliwalazimisha kufungua mlango wa dharura uliokuwa na kufuli haihesabiwi, na sijui tungeihesabuje.

Muda wa kufika ndio unaosifiwa zaidi, nao ndio ninaoutilia shaka kuliko yote. Unapima gari kusimama mbele ya nyumba. Haupimi mpira kujaa, wala umeme kukatwa ili tuingie salama, wala maji ya pili kupatikana.

Nimeomba tuongeze safu moja kwenye taarifa: dakika kutoka nozeli ya kwanza kufunguliwa mpaka pampu ianze kulishwa na chanzo kisichokatika. Bado tunabishana. Wenzangu wanasema moto mwingi huisha kwa maji ya tangi, kwa hiyo safu itakaa tupu miezi kadhaa. Mwingine anasema itatuumbua kwa makosa ya bomba lisilo letu. Hoja zote mbili zina uzito. Mimi naitaka hivyo hivyo, na kando yake namba ya haidranti iliyotumika, ili anayemiliki bomba asome pia. Wakati tunabishana, wewe uliyeegesha juu ya kifuniko cha chuma kando ya barabara, sogeza gari.