Si tasa, na vigawo sina

Wiki hii tena, mhandisi mzima wa programu ameniuliza: “Kama hiyo namba si tasa, vigawo vyake viko wapi?” Jamani! Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na unaweza kujua kwa hakika kwamba namba si tasa bila kujua hata namba moja inayoigawa, yaani kigawo.

Haya, itazameni 147,573,952,589,676,412,927. Ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mwanahisabati Mfaransa Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kuwa si tasa, na kigawo hata kimoja hakuwa nacho. Vigawo alikuja kuvitangaza Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287. (Eti alizidisha ubaoni kimya kimya, ukumbi mzima ukampigia makofi. Hadithi tamu mno, siimezi yote.) Kwa miaka hiyo 27 uthibitisho kwamba si tasa ulikuwapo, vigawo havikuwapo.

Njia ya Lucas ni ndefu, nitatumia ya mwanahisabati Fermat. Ikiwa p ni tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha (p toa 1), ukigawa kwa p, hubakiza 1. Lazima. Sasa chukua 91, ambayo wengi huidhania tasa kwa sura tu. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096, yaani 91 mara 45, baki 1. Kipeo chetu ni 90: hizo 12 zinaingia mara saba, zinasalia 6. Kwa hiyo baki ni 2 kwa kipeo cha 6, ambayo ni 64. Tulidai 1, tumepewa 64. Kesi imekwisha, na wala 7 na 13 hatujazitaja popote.

Ila msigeuze sentensi! Kupata 1 si ushahidi wa utasa. Rudia hesabu kwa 3 badala ya 2: 91 inabakiza 1 bila haya. Na 561 ni laghai zaidi, inapita kwa kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1. Ndiyo maana tunatumia jaribio la Miller na Rabin: ni kali zaidi, na kila raundi, kwa namba mpya ya kubahatisha, isiyo tasa ina nafasi isiyozidi robo ya kuponyoka. Tunarudia mara nyingi, kisha tunaiita tasa. Ukinibana, nitakiri kwamba tasa nyingi zinazolinda mawasiliano yenu hazina uthibitisho kamili, zina uwezekano mkubwa mno tu.

Na ingekuwa lazima kutafuta vigawo kwanza, funguo za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa kuzidisha tasa mbili kubwa, zisingetengenezeka kabisa, maana mfumo huo unategemea kwamba kupima utasa ni rahisi na kutafuta vigawo ni kugumu. Huo ugumu wenyewe? Hakuna aliyeuthibitisha. Tunaamini kwa sababu werevu wengi wamejaribu wakashindwa, na mtu akija kesho na njia ya haraka kwenye kompyuta ya kawaida, sina nadharia ya kumwambia haiwezekani.