Je, Kijapani huanza na maelfu ya alama?

Miongoni mwa vijana wa Bukavu wanaojifunza Kijapani pamoja kwa simu, imezoeleka kuaminiwa kwamba mtu hawezi kusoma lolote kabla ya kukariri maelfu ya alama za kanji, yaani alama zenye asili ya Kichina zinazowakilisha neno au sehemu ya neno. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida nchini Japani, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Lakini anayeanza hutangulia na hiragana, yenye herufi 46 za msingi, ambazo karibu kila moja huwakilisha silabi kama ka, mi au to. Hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati, maana irabu za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kinachodai uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni urefu wa irabu: obasan ni shangazi, ilhali obaasan ni nyanya, yaani mama wa mzazi (na hakuna shangazi atakayefurahia kosa hilo). Anayetaka kuhakikisha na atazame kitabu cha watoto wadogo wa Kijapani, ambamo hiragana ndiyo hutawala, au asikilize maneno hayo mawili yakisomwa bila kuyaona, kisha aandike alichosikia.