posixAccount ipo, jamani, imezimwa tu

Juzi tena. Niko Chumbageni, chai haijapoa, simu inaita: "Shikamoo kaka. Hii ApacheDS haina posixAccount. Nimeiandika mwenyewe, sasa mambo yamevurugika zaidi." Wa tatu huyo mwezi huu. (ApacheDS ni seva ya LDAP, yaani ya saraka inayotunza taarifa za watumiaji; posixAccount ni klasi, aina ya rekodi, ya akaunti za Unix na Linux.)

Ukienda Ngamiani Ijumaa saa saba mchana ukakuta duka limefungwa, hujengi jingine kwenye baraza yake. Unamsubiri mwenyewe atoke msikitini.

posixAccount imo kwenye skima (fungu la maelezo ya klasi na atributi) iitwayo nis, na ApacheDS huja nayo ikiwa imezimwa. Klasi na atributi za skima iliyozimwa haziingizwi kwenye rejista ya seva, kwa hiyo ukizitaja inakujibu kwamba haizijui. Jibu hilo ndilo linalowapoteza watu, na hapo nawaelewa kidogo. Seva ingesema tu "ninayo, ila imezimwa", nami ningemaliza chai yangu.

Fungua tawi la ou=schema, tafuta cn=nis. Kuna mstari m-disabled: TRUE. Ubadilishe uwe FALSE kwa amri ya ldapmodify, ukiwa umeingia kama admini. Angalia na m-dependencies, orodha ya skima inazozitegemea, maana skima haiwaki kama zile inazozitegemea bado zimelala. Basi.

Sasa huyu wa juzi alikuwa ameipa posixAccount yake OID (namba ya utambulisho) ya kubuni. Ya kweli ni 1.3.6.1.1.1.2.0, imeandikwa kwenye waraka wa RFC 2307 tangu 1998. Jina ni la kuitana tu. Klasi hutambulika kwa OID. Ukija kuwasha nis, jina moja linadaiwa na OID mbili, na huku una entri (rekodi) kibao zilizokwisha kuegemea ile ya kwako. Ilibidi tuzitoe zote kwenye faili la LDIF (maandishi ya kuhamishia entri), tuzifute, tuing'oe skima yake, tuwashe nis, ndipo tuzirudishe. Adhuhuri ilitukuta papo hapo.

Nanyi wa Active Directory, saraka ya Microsoft, msicheke. Kwenu klasi haifutiki kabisa: ukiiwekea isDefunct TRUE, haitoi kitu kipya, lakini vilivyokwisha kuundwa vinabaki.

Kuna wanaozima skima huku entri zinaitumia. Mimi kwenye seva ya kazi sijathubutu. Hata nikiwasha nis tu, huiwasha seva upya, ingawa mabadiliko hushika bila hivyo. Msiniulize kwa nini.