Wavenezuela na Wathai nchini Marekani: nani ana hali bora, na kwa nini jibu hubadilika kila ukihesabu upya?

Muulize mtu yeyote ni akina nani wenye hali nzuri zaidi kiuchumi kati ya Wavenezuela na Wathai wanaoishi Marekani, na jibu litakuja upesi. Wengi hutazama kwanza nchi walikotoka watu hao. Uchumi wa Venezuela umeporomoka, wa Thailand una viwanda na watalii, basi bila shaka Wathai ndio wenye nafuu. Wengine hutazama vyeti. Karibu nusu ya watu wazima waliozaliwa Venezuela na kuhamia Marekani wana shahada ya kwanza au zaidi, ilhali kwa Wamarekani wazaliwa ni kama theluthi moja tu. Kwa hesabu hiyo Wavenezuela wangepaswa kuwa juu.

Majibu yote mawili yanaingia akilini, na yote mawili yanakosea. Inafaa kuyachambua, maana ndiyo hayohayo tunayoyatumia kila tunapozungumzia wahamiaji wa taifa lolote.

Tuanze na lile la nchi. Linachukulia kwamba mhamiaji ni sampuli ya taifa lake, kana kwamba mtu alichota watu bila kuchagua, wakulima kwa madaktari, akawapandisha ndege. Haijawahi kuwa hivyo. Anayehama ni yule aliyeweza kuhama, na sababu za kuweza hutofautiana. Venezuela ni mfano mzuri sana wa jambo hili. Wakati nchi ilipokuwa inaogelea katika fedha za mafuta, ni watu wachache tu walioiacha. Ilipoanza kuyumba, waliotangulia kuondoka walikuwa wenye akiba, wenye biashara na wenye taaluma. Kwa muda mrefu, basi, kadiri nchi ilivyozidi kuharibika ndivyo jamii yake ya Marekani ilivyozidi kupokea matajiri. Ukipima hali ya mhamiaji kwa hali ya nchi yake, unapata jibu lililopinduka juu chini.

La elimu ni gumu zaidi kuling'oa, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Msomi kwa kawaida hupata zaidi ya asiyesoma. Lakini Wavenezuela, pamoja na shahada zao zote, wameonekana katika takwimu za miaka ya karibuni wakiwa na kipato cha kaya kilicho chini ya kile cha wahamiaji wote kwa jumla. Wathai nao wako chini ya kundi wanalowekwa ndani yake: mwaka 2019 kaya ya katikati ya Waasia wa Marekani, yaani ile inayosimama katikati ukizipanga zote kuanzia maskini hadi tajiri, ilipata takribani dola 85,800, na kaya ya katikati ya Wathai haikufika hapo. Sababu zilizowashusha Wavenezuela na zilizowashusha Wathai hazifanani hata kidogo.

Historia kwa ufupi. Hugo Chávez alishika urais Februari 1999. Mgomo wa kampuni ya mafuta ya taifa, PDVSA, wa mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003 uliishia kwa wafanyakazi wapatao 18,000 kufukuzwa kazi, na wahandisi wengi kati yao wakatafuta maisha Houston na kwingineko kwenye visima. Miji ya Doral na Weston huko Florida ikajaa familia za tabaka la kati kutoka Caracas. Kisha, chini ya Nicolás Maduro, uchumi ulisinyaa kwa takribani robo tatu kati ya 2013 na 2021, na zaidi ya watu milioni saba wakaondoka. Wengi wao hawakufika Marekani kabisa. Kolombia peke yake ina zaidi ya milioni mbili na nusu.

Wathai waliingia kwa milango mingine. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwafungulia njia wauguzi, madaktari na wanafunzi. Wakati huohuo, kwa sababu ya vita vya Vietnam, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na kambi Udorn, Korat, Ubon na Nakhon Phanom, katika Isan, kanda ya kaskazini-mashariki ambayo ni ya wakulima na ni miongoni mwa maskini zaidi Thailand. Wanajeshi wakaoa, na wake wakahamia Marekani. Hadi leo wanawake ni wengi kuliko wanaume miongoni mwa wahamiaji wa Kithai.

Sasa twende kwenye kiini: vipi jamii iliyosoma ionekane inazidi kuwa maskini bila mtu hata mmoja ndani yake kupoteza senti?

Fikiria basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Lina viti arobaini, na linaondoka na abiria arobaini, wote wameketi. Morogoro wanapanda ishirini. Hakuna kiti, wanasimama. Ukihesabu hapo, walioketi ni theluthi mbili ya abiria. Dodoma wanapanda ishirini wengine. Sasa walioketi ni nusu. Anayesoma asilimia tu, bila kulitazama basi lenyewe, ataandika kwamba hali ya abiria imedorora vibaya: kutoka asilimia mia hadi hamsini kwa safari ya siku moja. Ukweli ni kwamba wale arobaini wa mwanzo bado wameketi palepale. Hakuna aliyenyanyuliwa. Kilichobadilika ni nani yumo ndani ya basi.

Ndivyo ilivyowatokea Wavenezuela. Mwaka 2010 waliozaliwa Venezuela na kuishi Marekani walikuwa kama 184,000. Mwaka 2021 walishavuka 540,000, na waliendelea kumiminika, wengi wakipitia msitu wa Darién kati ya Kolombia na Panama. Daktari wa Weston aliyefika 1999 hakufukarika. Ila sasa katika hesabu yake wameingia watu waliofika juzi, wenye madeni ya safari na wasio na kibali cha kazi. Yule daktari na huyu mgeni wanaitwa kwa jina moja, Mvenezuela, na kipato chao kinatiwa kwenye chungu kimoja. Basi la Wathai, kwa upande wake, limekwenda mbali bila kupakia wengi. Waliomo wamekuwa na miaka ya kutafuta viti.

Na kusimama kuna sababu zake, si uzembe wala ukosefu wa elimu. Anayeomba hifadhi Marekani kwa kawaida hawezi hata kuomba kibali cha kazi mpaka ombi lake la hifadhi litimize siku 150, na hapewi kabla ya siku 180. Nusu mwaka, basi, kodi ya nyumba inalipwa kwa vibarua vya chini kwa chini. Daktari hawezi kutibu kwa cheti cha Caracas. Lazima apite mitihani ya leseni ya Marekani na karibu kila mara arudie mafunzo ya hospitalini. Juu ya hayo, Venezuela ilivunja uhusiano na Marekani Januari 2019, na Machi mwaka huo wanadiplomasia wa mwisho wa Marekani wakaondoka Caracas. Aliyehitaji pasipoti mpya au nakala ya cheti iliyothibitishwa alibaki bila ubalozi wa kumhudumia. Shahada ilikuwepo, lakini karatasi ya kuithibitisha haikupatikana.

Mke wa mwanajeshi aliyetoka Isan miaka ya sabini pengine hakumaliza hata shule ya msingi, lakini alishuka kwenye ndege akiwa na haki ya kuishi na kufanya kazi. Naona hili ndilo linalosahaulika kuliko yote: katika miaka ya mwanzo ugenini, kibali kinaweza kuzidi shahada kwa thamani.

Hapo inakuja ajabu ya pili, inayohusu fomu za sensa. Takwimu za kipato cha kaya Marekani hupangwa kwa asili ya mkuu wa kaya, yaani mtu ambaye nyumba imenunuliwa au imepangwa kwa jina lake. Mwanamke wa Kithai aliyeolewa na Mmarekani mweupe, na nyumba ikawa kwa jina la mume, anaishi katika kaya ambayo kwenye jedwali hilo si ya Kithai. Kipato cha nyumba yao kinaongezwa kwa Waamerika weupe. Kwa jamii ambayo ndoa za namna hii ni sehemu kubwa ya historia yake, hilo si jambo dogo. Wanaobaki kwenye jedwali la "kaya za Kithai" ni familia ambazo jina la nyumba liko kwa Mthai: wenye migahawa, wajane, waliotalikiana, wanafunzi waliopanga chumba.

Kinachoshangaza zaidi, umaskini huhesabiwa kwa namna tofauti. Hapo kila mtu huhesabiwa mmojammoja, kwa kutumia kipato cha familia yake yote. Mwanamke yuleyule aliyetoweka kwenye jedwali la kipato anarudi kwenye jedwali la umaskini kama Mthai, akiwa na mshahara wa mumewe nyuma yake. Takwimu hizo mbili huchapishwa ukurasa mmoja, zikiwa na kichwa kimoja, na zinaeleza watu tofauti.

Halafu kuna swali la nani ni Mthai. Baadhi ya takwimu hutumia nchi ya kuzaliwa. Sasa, maelfu ya Wahmong waliokimbia Laos na Wakaren waliokimbia Myanmar walizaa watoto ndani ya kambi za wakimbizi nchini Thailand, kama Ban Vinai na Mae La. Watoto hao walipopelekwa Marekani waliandikwa "wamezaliwa Thailand", ingawa hawakuwahi kuwa raia wake wala hawajitambui kuwa Wathai. Ukitumia nchi ya kuzaliwa, wamo. Ukitumia asili anayoitaja mtu mwenyewe, hawamo. Majedwali mawili halali kabisa, na Wathai wa namna mbili.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mtoto aliyezaliwa humo kisha akahamishiwa Marekani na wazazi wake anajaza fomu kwamba amezaliwa Tanzania. Vivyo hivyo watoto wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishi Tanzania kwa miongo kabla ya baadhi yao kupelekwa Marekani kuanzia 2007. Kwa hiyo ukikuta jedwali la "waliozaliwa Tanzania" wanaoishi Marekani, ndani yake yumo mtoto wa mkimbizi kutoka kambini pamoja na mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam kwa viza ya masomo. Wastani wao ni wa mtu asiyekuwepo.

Hata jina "Mthai" peke yake linabeba maisha yasiyolingana. Agosti 1995, huko El Monte karibu na Los Angeles, polisi walikuta Wathai 72 wamefungiwa katika jengo lililozungushiwa seng'enge, wakishona nguo, baadhi kwa miaka. Muuguzi aliyefika kwa ajira ya hospitali miaka ya sitini yumo katika jamii ileile.

Tahadhari mbili kabla ya kulinganisha. Utafiti wa kila mwaka unaotoa takwimu hizi haumhoji kila mtu. Huchukua sehemu ndogo ya nyumba, na kwa jamii ndogo kama Wathai idadi ya waliohojiwa inakuwa chache kiasi kwamba tofauti ya dola elfu chache inaweza kuwa bahati tu. Pili, mstari rasmi wa umaskini unaotumika katika takwimu hizi ni mmoja kwa Marekani nzima. Haujali kwamba Wathai wengi wanalipa kodi za Los Angeles, wala kwamba Mvenezuela wa Miami na yule wa Houston hawalipi sawa kwa chumba.

Nikilazimika kuwalinganisha, nisingechukua Wavenezuela wote na Wathai wote. Ningemchukua Mvenezuela na Mthai waliofika mwaka mmoja, kwa karatasi ya aina moja, wakiwa na elimu sawa, nikatazama umbali waliofika baada ya miaka kumi. Hapo tofauti ya taifa ingepungua sana, nina hakika, na tofauti ya kibali ingebaki imesimama.

Kwa Wavenezuela kibali hicho hakijatulia. Machi 2021 serikali ya Joe Biden iliwapa hifadhi ya muda iliyoambatana na haki ya kufanya kazi, na mwaka 2023 ikaipanua kwa waliofika baadaye. Mwaka 2025 serikali ya Donald Trump iliamua kuiondoa, na Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu uamuzi wa kuwaondolea waliopewa mwaka 2023 uanze kutumika huku kesi ikiendelea. Hao ni zaidi ya watu 300,000. Wengi walikuwa wameanza kuajiriwa rasmi, na bila kibali mwajiri haruhusiwi kisheria kubaki nao, awe mhandisi au mfagiaji.